Nyota Nyekundu na "Za otvagu": namna ya kukagua medali ya Kisovieti kabla hujaitolea pesa

Maswali ni yaleyale kila siku. "Haina namba, ni feki?" "Sumaku imekataa kushika, basi ni fedha?" "Niisafishe kwanza ndiyo niipige picha?" Mwongozo huu ni wa mtu anayeshika medali yake ya kwanza, au anayeitazama kwenye skrini huku kidole kiko juu ya kitufe cha kununua.

Tutatumia mifano miwili ambayo wanaoanza hukutana nayo mapema. Wa kwanza ni nishani ya Nyota Nyekundu (Красная Звезда), iliyoanzishwa tarehe 6 Aprili 1930. Wa pili ni medali ya "Za otvagu" (ЗА ОТВАГУ, yaani "Kwa Ushujaa"), iliyoanzishwa tarehe 17 Oktoba 1938. Zote mbili ni za fedha, zilitolewa kwa mamilioni, na kwa kawaida zina namba mgongoni. Ukishazoea kuzikagua hizi, utajua pa kuanzia kwenye nyingine.

Jambo moja likukae kichwani tangu sasa: feki ya wazi haimsumbui mtu kwa muda mrefu. Inayowaliza watu ni medali halisi kabisa iliyochezewa namba au kupakwa enameli mpya (ule urembo wa glasi ya rangi). Ndiyo maana hatua ya 7 ni ndefu kuliko zote.

Vitu vya kuwa navyo

- Lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Kamera ya simu ni ya kutunza kumbukumbu tu, maana programu yake hulainisha mikwaruzo uliyokuwa unaitafuta.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01.
- Kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo na unene. Kama ni ya chuma, zungushia midomo yake karatasi ya gundi isikwaruze enameli.
- Sumaku ndogo yenye nguvu.
- Tochi ya kawaida, na tochi ya mwanga wa urujuani kama ile ya kukagulia noti dukani.
- Sindano nyembamba, pamba, glavu za pamba, uzi na glasi ya maji.
- Picha kubwa za mbele na nyuma za medali halisi ya aina hiyohiyo, yenye namba iliyo karibu na ya kwako. Usilinganishe nyota ya 1944 na ya miaka ya 1930. Chapa, yaani mihuri inayogonga sura ya medali, zilibadilika, na utaikataa halali bure.

Usisafishe chochote. Ndimu na jivu ni vya masinia ya shaba. Weusi uliolala kwenye mikunjo ya fedha ni ushahidi, na ukishauondoa hakuna mtu atakayekurudishia.

Na kabla ya yote, jua sheria ya mahali muuzaji alipo. Nchini Urusi, kununua au kuuza nishani na medali za serikali, za Kisovieti zikiwamo, ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 324 cha Kanuni ya Adhabu. Usimwombe mtu aliyeko huko akutumie kwa posta.

Hatua ya 1: Hakikisha ni medali kweli

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliosoma Moscow na kwingineko Usovietini walirudi na beji za kifuani, znachki kwa Kirusi. Nyingi ni za alumini nyepesi, zina pini kama ya nguo nyuma, na mbele kuna Lenin, roketi au jina la mji. Ni kumbukumbu nzuri, lakini si medali.

Nyota Nyekundu ina nyuma skrubu nene inayopita kwenye tundu la koti, kisha inakazwa kwa nati ya duara. Haikuvaliwa ikining'inia kwenye utepe. Utepe wake, mwekundu wa zambarau wenye mstari wa kijivu katikati, ulikuwa wa vile vibao vidogo vinavyovaliwa badala ya nishani yenyewe. Ukiona Nyota Nyekundu inabembea kwenye kibao cha utepe, kuna mtu amejitungia.

"Za otvagu" ndiyo inayoning'inia. Ni duara la fedha lenye ndege tatu juu, maneno ЗА ОТВАГУ kwa herufi nyekundu zilizozama, kifaru cha vita aina ya T-35 chini yake, na СССР (ufupisho wa Kirusi wa Muungano wa Kisovieti) ukingoni.

Hatua ya 2: Soma maandishi, ya kwenye tangazo na ya kwenye chuma

Kwenye tangazo la Kirusi tafuta maneno haya: копия, реплика, муляж. Yote yanamaanisha nakala. Wauzaji wengine huyaweka mwishoni kabisa mwa maelezo, kisha tafsiri ya mashine huyageuza kuwa kitu kisichoeleweka.

Kwenye Nyota Nyekundu, kuizunguka ngao yenye askari, pameandikwa ПРОЛЕТАРИИ ВСЕХ СТРАН, СОЕДИНЯЙТЕСЬ! yaani "Wafanyakazi wa nchi zote, unganeni!", na chini yake СССР. Huhitaji kujua Kirusi. Linganisha herufi moja baada ya nyingine na picha yako. Mahali pa kukazia macho ni herufi Й katika neno la mwisho la kaulimbiu, lile refu СОЕДИНЯЙТЕСЬ: juu yake pana kialama kidogo kilichopinda. Kwenye nakala mbovu kialama hicho hugeuka tone, hushikana na herufi, au hakipo kabisa.

Hatua ya 3: Pima ukubwa na uzito

Nyota Nyekundu: kati ya ncha mbili zisizo jirani ni milimita 47 hadi 50. Uzito rasmi ni gramu 33.258, ukiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa gramu 1.876. Ondoa nati kabla ya kupima.

"Za otvagu": kipenyo milimita 37. Uzito wa duara bila kibao ni gramu 27.930, zaidi au pungufu kwa gramu 1.52. Fedha yake ni ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha safi.

Kwa "Za otvagu" unaweza kwenda mbali zaidi, kwa sababu karibu yote ni metali tupu:

1. Tenga duara na kibao chake, lakini kama tu pete inafunguka bila kulazimishwa. Pima uzito mkavu.
2. Weka glasi ya maji juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.
3. Funga duara kwa uzi, ulizamishe lote bila kugusa kuta wala kitako cha glasi. Gonga uzi kidogo ili povu la hewa litoke.
4. Soma namba inayoonekana. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Fedha ya 925 inakupa takriban 10.3. Duara la gramu 27.9 litaonyesha kama 2.7 kwenye maji. Shaba ya njano itakupa karibu 8.5, na aloi ya zinki karibu 6.7. Kwa hiyo nakala ya shaba yenye ukubwa na unene uleule haifiki gramu 24, na ya zinki itakuwa kama gramu 18. Hata kabla ya kushika maji, mizani peke yake inatosha kuwakamata hao.

Onyo: usiizamishe Nyota Nyekundu. Enameli ni glasi na ni nyepesi kuliko fedha, hivyo hesabu itakudanganya. Isitoshe, maji yakiingia kwenye nyufa za enameli hayatoki kirahisi.

Hatua ya 4: Sumaku, halafu songa mbele

Sumaku ikivuta mwili wa medali, weka chini, kazi imekwisha. Isipovuta, hujathibitisha lolote, maana shaba na zinki nazo hazivutwi. Angalia vizuri kinachovutwa ni nini: pini ya kibao kwa kawaida ni ya chuma, na watu wameshakataa medali halali kwa sababu ya pini.

Hatua ya 5: Iligongwa au ilisubiwa?

Medali halisi iligongwa kwa chapa chini ya shinikizo kubwa. Nakala nyingi husubiwa, yaani chuma kilichoyeyuka kinamiminwa kwenye kalibu iliyotolewa kwenye medali nyingine. Chini ya lenzi tofauti inaonekana hivi:

- Kugongwa: kingo za herufi zimesimama, uwanda kati ya herufi ni laini na umekaza, mistari midogo haikatiki.
- Kusubiwa: vishimo vidogo kama vya uji uliokauka, hasa kwenye pembe herufi inapokutana na uwanda. Kingo ni za mviringo, kama sabuni iliyotumika. Kando kuna alama za tupa, mahali mshono wa kalibu ulipoondolewa.

Kwenye "Za otvagu" angalia magurudumu na minyororo ya kifaru. Medali iliyovaliwa miaka mingi husagika sehemu zilizoinuka, yaani minara ya kifaru na mabawa ya ndege, lakini sehemu za chini hubaki kali. Medali iliyosubiwa ni butu juu na chini sawasawa. Wanaoanza hukosea sana hapa: wanaona ulaini na kusema "imechakaa". Uchakavu huchagua pa kuanzia. Kalibu haichagui.

Tena chuma husinyaa kikipoa, ndiyo maana nakala iliyosubiwa mara nyingi huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Rudi kwenye kalipa.

Hatua ya 6: Enameli

Enameli ya kweli ni glasi iliyochomwa juu ya fedha. Iguse kwa mdomo wa chini: ni baridi. Ncha ya sindano huteleza juu yake bila kuacha alama (jaribu pembeni, taratibu, bila kukandamiza). Ikiwa imevunjika, pengo lake lina kingo kali zinazong'aa kama kigae cha chupa. Enameli bandia ni aina ya plastiki: ni vuguvugu, sindano inaacha mtaro, na ikivunjika inabanduka kama ganda.

Kwenye Nyota Nyekundu, inamisha mkono mmojammoja chini ya tochi. Rangi ni ya punje ya komamanga na mwanga huingia ndani yake. Nyekundu nzito kama rangi ya mlango, isiyopitisha mwanga hata kidogo, inatia shaka.

Sasa zima taa, washa mwanga wa urujuani. Tazama kama mikono yote mitano inajibu sawa. Mmoja ukiwaka tofauti, au doa kwenye ncha likang'aa peke yake, hapo pamezibwa. Mara nyingi ni rangi ya kucha. Pamba yenye tone la asetoni ikiguswa hapo itatoka nyekundu, wakati enameli ya kuchomwa haitoi kitu. Ncha zilizovunjika kwenye nyota iliyovaliwa ni za kawaida, na binafsi afadhali nyota yenye ncha mbili zilizovunjika kuliko iliyozibwa kimyakimya.

Hatua ya 7: Mgongo na namba

Geuza Nyota Nyekundu. Kwenye nishani za wakati wa vita, yaani nyingi utakazoziona, kuna maneno МОНЕТНЫЙ ДВОР ("kiwanda cha sarafu") katika mistari miwili, yameinuka, kwa sababu yaligongwa pamoja na mwili. Namba iko chini ya skrubu, nayo imechongwa kuingia ndani. Shika tofauti hiyo: chapa imeinuka, namba imezama. Namba iliyoinuka ni nakala. Namba iliyozama lakini yenye kingo butu na vishimo vilevile vya hatua ya 5 pia ni nakala, ilisubiwa pamoja na mwili.

Kisha fanya haya kwa mpangilio:

1. Itafute namba hiyo mtandaoni. Kalibu moja huzaa watoto wengi wenye namba moja. Ukikuta nyota tatu zenye namba ileile kwa wauzaji watatu, tayari una jibu.

2. Pima mantiki ya namba. Nyota Nyekundu zilizotolewa ni zaidi kidogo ya milioni 3.8. Namba inayoanza na milioni tano haina mahali pa kutoka. Kwa upande mwingine, namba ndogo za kabla ya vita ni ghali, na ndizo wadanganyifu wanazozitengeneza.

3. Tazama kama namba imekaa katikati. Ujanja wa zamani ni kusaga tarakimu za mwanzo: namba ya tarakimu saba inageuka ya tarakimu tano. Zilizobaki zinaegemea upande mmoja, na upande wa pili pana uwanda mtupu wenye mng'ao usiofanana na jirani zake.

4. Lalisha tochi. Weka mwanga karibu usawa na mgongo, uzungushe nishani polepole. Mahali paliposagwa pana bonde kidogo, na mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja. Mikwaruzo ya maisha huenda kila upande. Wakati mwingine utaona kivuli cha tarakimu ya zamani chini ya mpya, kama maandishi ya ubao yaliyofutwa kwa mkono.

5. Chungulia ndani ya mitaro ya tarakimu. Namba ya zamani ina weusi na uchafu uliokaza chini ya mtaro, na kingo zake zimelainika kwa kusuguana na nguo na nati. Namba mpya ina kingo zinazokwaruza kitambaa na mtaro unaong'aa, au umepakwa dawa ya kuzeesha fedha, ambayo huacha weusi wa kiwango kimoja kila mahali, hata pasipostahili.

6. Linganisha chapa na zama za namba. Nishani yenye namba ya miaka ya 1930 lakini chapa, maandishi na umbo la mgongo vya 1944 imebadilishwa namba, hata kama kila kitu kingine ni fedha safi. Picha za namba jirani ndizo zinazokuokoa hapa.

Herufi Д baada ya namba si uharibifu. Ni alama ya дубликат, yaani nishani iliyotolewa rasmi badala ya iliyopotea.

Nati usiipe uzito mkubwa. Ya kawaida ni duara la milimita 33 hivi, lakini nati zilipotea na kubadilishwa maisha yote ya wenyewe. Nati ngeni hupunguza bei kidogo, basi.

Hatua ya 8: Kibao cha "Za otvagu"

Mwanzoni medali ilining'inia kwenye kibao kidogo cha mstatili, milimita 15 kwa 25, chenye utepe mwekundu na skrubu nyuma. Kuanzia tarehe 19 Juni 1943 ikahamia kwenye kibao cha pembe tano chenye utepe wa kijivu na mistari miwili ya buluu kingoni, upana milimita 24.

Mantiki yake inakwenda upande mmoja tu. Namba ya mapema kwenye kibao cha pembe tano ni kawaida, kwa kuwa wengi walibadilishiwa. Namba ya mwisho wa vita kwenye kibao cha mstatili inatakiwa ijieleze, maana kibao hicho ni ghali na hupachikwa ili kupandisha bei.

Utepe ukiwaka buluu-nyeupe chini ya urujuani una nyuzi za kisasa. Usiikatae medali kwa hilo peke yake. Utepe huchakaa na hubadilishwa.

Hatua ya 9: Karatasi

Seti yenye kitabu cha nishani (орденская книжка) huuzwa ghali zaidi, kwa hiyo namba huchongwa upya ili ifanane na kitabu. Rudia hatua ya 7 kwa ukali maradufu unapoona kila kitu kimekaa sawa.

Kwenye kitabu chenyewe: karatasi ya miaka ya 1940 haitakiwi kuwaka buluu kali chini ya urujuani. Wino uangalie kwa lenzi. Kalamu ya biki huacha mfereji kwenye karatasi na vidonge vya wino vinavyonata, na maandishi ya aina hiyo kwenye kitabu cha 1945 hayana maelezo mazuri.

Tovuti ya Podvig Naroda ya Wizara ya Ulinzi ya Urusi ina hati za tuzo za vita. Unatafuta kwa jina la ukoo, jina, jina la baba na mwaka wa kuzaliwa, kwa herufi za Kirusi. Itakuambia kama mtu huyo alitunukiwa nishani hiyo na kwa kitendo gani. Kwa kawaida haitakupa namba ya mfululizo, hivyo inathibitisha mtu, haithibitishi chuma ulichoshika.

Mambo yakigoma

*"Za otvagu" yangu haina namba.* Za baada ya vita zilitolewa bila namba. Hakikisha tu mgongo haukusagwa: lalisha tochi.

*Nyota ni nyepesi kwa gramu moja au mbili.* Angalia enameli iliyodondoka na skrubu iliyokatwa. Wavaaji walizifupisha zisiwachome kifuani. Kama enameli imekamilika na skrubu ni ndefu, rudi hatua ya 5.

*Mashine ya mnunuzi wa dhahabu inasema ni fedha, lakini chapa ni butu.* Mashine hizo (XRF, zinazopima kwa miale ya X) husoma ngozi ya juu tu. Omba ipimwe ukingoni, palipochakaa. Ikiendelea kusema fedha, inawezekana umeshika nakala iliyosubiwa kwa fedha halisi, nazo zipo. Chapa ndiyo inayoamua.

*Jina halionekani kwenye Podvig Naroda.* Jaribu tahajia nyingine, kisha ondoa mwaka wa kuzaliwa. Kumbuka pia kwamba kati ya 1944 na 1957 Nyota Nyekundu ilitolewa hata kwa miaka 15 ya utumishi jeshini. Nishani ya namna hiyo haina simulizi ya kishujaa nyuma yake, na muuzaji anayekusimulia moja ameitunga.

*Skrubu imelehemiwa kwa risasi ya kijivu.* Ni matengenezo. Punguza bei, usiitupe. Ila angalia kama lehemu imefunika sehemu ya chapa au namba, kwa sababu hapo ndipo pa kuficha kitu.

*Muuzaji ana picha ya mbele tu.* Omba nne: mgongo mzima bila nati, namba kwa karibu ikiwa na mwanga wa ubavuni, ukingo, na nishani ikiwa juu ya mizani. Mwenye kitu halali huzipiga kwa dakika tano. Akikuambia kuna mteja mwingine njiani, mwachie huyo mteja.